Unga wa Mbao na Mota za Mashine

Fundi seremala aliye na mashine mahali kama Biliqo, upande wa Merti katika Isiolo, ana maadui wawili: unga wa mbao na joto la nchi. Kila mmoja peke yake huvumilika, bali wakikutana juu ya mota, mota huungua. Ikiungua huko, haina budi kuchukuliwa mwendo mrefu hata mjini ikasukwe upya kwa waya wa shaba, na siku hizo zote vitanda na madawati ya watu hungoja.

Watu husema mota imekufa ghafula. Mara nyingi sivyo. Mota iliyofungwa hujipoza kwa feni iliyo nyuma yake, ipulizayo hewa juu ya mapezi ya chuma. Unga ukiziba matundu ya kifuniko cha feni na kujaa kati ya mapezi, ni sawasawa na kuivika blanketi mchana wa jua. Mota nyingi zimepangiwa kufanya kazi katika hewa isiyozidi digrii 40 za sentigredi, na banda la mabati wakati wa kiangazi laweza kufikia kiasi hicho kabla mashine haijawashwa. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila digrii 10 zizidizo kiasi kilichowekwa hupunguza umri wa kinga ya waya kwa nusu hivi.

Basi, kabla ya kununua mashine, soma kibati cha mota. Herufi IP zikifuatwa na 54 au 55, mota imekingwa na vumbi. Zikifuatwa na 23, mota i wazi, nayo haifai kukaa chini ya msumeno wa duara. Aliye nayo tayari asiitupe. Aiweke kando, izungushe msumeno kwa mkanda, na ubao wa kukinga usimame katikati. Asiifunike kwa gunia, kwani gunia huzuia unga na hewa pamoja.

Liko jambo lisumbualo mafundi wengi zaidi ya hayo. Ndani ya mota nyingi za umeme wa fezi moja mna swichi ndogo, ambayo hujifungua mota ikishika mwendo. Unga ukiingia kati ya ncha zake, siku ya pili mota hunguruma bila kuzunguka. Wako wausukumao msumeno kwa mkono ili uanze. Hao huhatarisha vidole vyao. Wako wangojao, na kumbe waya unaungua wakati huo huo. Zima mara moja, chomoa plagi, kisha fungua kifuniko usafishe ncha hizo. Jihadhari na kapasita, maana huweza kuhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Usafishaji wenyewe si kazi kubwa. Kila jioni, umeme ukiwa umekatwa, pangusa mapezi na kifuniko cha feni kwa brashi kavu. Pampu ya upepo wenye nguvu haifai sana, kwani husukuma unga ndani zaidi, hata kwenye beringi. Afadhali kuunyonya kwa mashine ya kufyonza vumbi. Grisi iliyomwagika nje ifutwe, kwa sababu hushika unga kama gundi. Mbao za msonobari zina utomvu ufanyao vivyo hivyo.

Wala mota si peke yake idhurikayo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vumbi la mbao huweza kuleta saratani kwa binadamu. Basi fundi afunike pua na mdomo.

Tena unga uliolala juu ya mota ya moto huweza kufuka polepole bila kuonekana, na kuwaka usiku banda likiwa limefungwa. Ukiukuta umegeuka rangi ya kahawia au mweusi, uondoe, na usiondoke bandani mpaka chuma kimepoa.