Simbilisi Si Sungura: Somo Juu ya Uzito na Lishe Yao

Katika vikundi vingi tunavyotembelea, mradi wa sungura umeshika vizuri. Kando ya sungura, pengine ndani ya kibanda hicho hicho, tunakuta simbilisi wawili watatu. Ni wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao watoto wengi huwaita ginipigi. Mara nyingi huwa ni mali ya mtoto. Amepewa mmoja na shangazi yake, amempa jina, na anamlisha mwenyewe akitoka shule. Baba na mama hawajishughulishi sana. Wanasema, "Huyo anakula tu kile sungura anakula."

Basi shida inaanzia hapo. Kiangazi kikija, kati ya Januari na Machi, tunasikia maneno yale yale: sungura wako wazima, lakini simbilisi amekonda, amekufa, na mtoto analia. Wengine husema ni baridi ya usiku, wengine ati ni jicho la jirani. Sisi tunasema tuangalie kwanza kile alichowekewa ale.

Mwili wa sungura hutengeneza vitamini C yake wenyewe. Ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa pia. Simbilisi hawezi. Ni lazima aipate katika chakula, kila siku, maana mwili wake hauwezi kuiweka akiba ya muda mrefu. Katika jambo hili yeye ni kama sisi binadamu, kwa sababu hata sisi hatuwezi kuitengeneza. Akikosa majani mabichi, katika muda wa wiki 2 au 3 hivi anaanza kuugua kiseyeye, ule ule ugonjwa uliokuwa ukiwaua mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila mboga wala matunda.

Tena ni mnyama huyu huyu aliyesaidia watu kuuelewa ugonjwa huo. Mwaka 1907 huko Norway, wataalamu wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walitangaza matokeo ya kazi yao. Walikuwa wakichunguza ugonjwa mwingine wa mabaharia, wakawalisha simbilisi nafaka na mkate tu. Wanyama wakashikwa na kiseyeye. Walipoongezewa kabichi mbichi, ugonjwa ukazuilika. Kama wangetumia sungura, wasingeona kitu.

Mwenye kiseyeye hula kidogo na kukonda. Manyoya yanakuwa makavu na ya kusimama. Viungo vya miguu vinavimba, anachechemea, na ukimshika analia kwa uchungu. Ufizi unaweza kutoka damu. Lakini ukingoja mpaka uone hayo yote, umechelewa. Manyoya yake ni mengi, yanaficha mifupa, hata yule aliyekonda anaonekana mnene kwa mbali. Ndiyo maana tunasema apimwe kila wiki.

Simbilisi mzima aliyekomaa huwa na uzito wa kati ya gramu 700 na 1,200, na kwa kawaida dume humzidi jike. Yaani ni karibu na pakiti ya sukari ya kilo moja. Mtoto anapozaliwa huwa na gramu 60 hadi 115 hivi, na huanza kuonja majani katika siku zake za kwanza. Lakini msishikilie sana namba ya mnyama wa jirani. Namba ya maana ni ya wako mwenyewe, wiki hii ukilinganisha na wiki iliyopita.

Mizani ya jikoni inatosha, na kikundi kinaweza kununua moja ya wote. Weka beseni dogo juu yake, andika uzito wa beseni, mtie mnyama ndani, kisha toa ule wa beseni. Kama mizani hakuna, tengenezeni wenyewe. Funga kamba katikati ya fimbo iliyonyooka, uitundike, na kila ncha ining'inize kikapu, vikapu viwili vya uzito sawa. Upande mmoja weka mnyama pamoja na chupa tupu. Upande wa pili weka chupa nyingine ya aina hiyo hiyo, umimine maji polepole mpaka fimbo ilale sawasawa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mililita 800 ni gramu 800. Watoto wa shule hulipenda zoezi hili kuliko hesabu za ubaoni!

Pimeni siku ile ile ya wiki, saa ile ile, kabla ya kulisha, na mwandike kwenye daftari. Tofauti ya gramu 20 au 30 isiwatie hofu, inaweza kuwa ni mkojo tu. Lakini aliyekuwa na gramu 900 akifika 810 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja soko la wiki ijayo. Na asiyekula kabisa kwa siku moja nzima ni mgonjwa wa haraka, hata kama hajapungua.

Sasa alishwe nini? Sehemu kubwa ya chakula iwe ni nyasi, mbichi au zilizokaushwa vizuri kivulini, na asiishiwe nazo usiku na mchana. Meno yake yote, ya mbele na magego, hayaachi kukua. Asipotafuna nyasi ngumu, yanarefuka mpaka hawezi kufunga mdomo, na hapo anakufa njaa mbele ya chakula. Nepia changa iliyokatwakatwa ni nzuri, na majani ya viazi vitamu wanayapenda sana.

Juu ya nyasi aongezewe mboga ya vitamini C. Simbilisi wa kilo moja anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa siku, na mwenye mimba awekwe kwenye ile 30. Robo ya pilipili hoho mbichi inatosha kwa siku moja. Jani la sukuma wiki pia ni zuri, ila badilishabadilisha na dania au mboga nyingine, kwa kuwa sukuma ina chokaa nyingi na inaweza kuleta mawe ya kibofu. Kipande kidogo cha pera kina vitamini C kuzidi chungwa, lakini kina sukari, kwa hiyo si cha kila siku. Karoti, ambayo watu wengi huitegemea, ina kidogo sana. Mboga iliyopikwa au iliyonyauka imepoteza nguvu nyingi. Kwa kiangazi, debe kuukuu lenye mashina 2 ya sukuma, likinyweshwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, linaweza kumvusha simbilisi mmoja.

Ugali, mkate na pumba zinamnenepesha bila kumjenga, na jike mnene mwenye mimba yumo hatarini. Mahindi yenye ukungu asipewe kabisa. Sumu yake ndiyo iliyoua watu 125 hapa Kenya mwaka 2004, na mnyama mdogo kama huyu haistahimili. Majani na maganda ya parachichi, majani ya nyanya na ya viazi vya Kiingereza, na vitunguu, yote ni sumu kwake. Maji safi yawepo daima.

Neno moja kuhusu dawa. Msimpe penisilini wala amoksilini iliyobaki nyumbani. Dawa hizo zinaua vijidudu vizuri vya tumboni mwake, naye anaweza kufa kwa siku chache. Mkimwona akila kinyesi chake laini, mwacheni, ndivyo alivyoumbwa.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Je, ni mboga gani hubaki mbichi kwenu mwezi wa Februari, na ni nani ana mbegu zake? Kati ya watoto wetu wenyewe, ni wangapi walikula mboga au tunda bichi jana? Na kabla ya kufunga mkutano, mtoto mmoja mwenye simbilisi aombwe amlete, apimwe mbele ya wote, na uzito wake uandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.