Kwa Nini Wazee Walijenga Ukingoni?



Wazee wa Kishambaa hawakujenga ovyo. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alieleza kwamba vijiji vyao vingi vilikuwa karibu na ukingo wa milima. Kwa nini?

Kwanza, huku juu, kama hapa Magamba, ni baridi, na mgomba hukawia kuzaa. Wambugu, watu wa ng'ombe, ndio waliopenda huku kwa ajili ya malisho.

Pili, kule chini nyikani kuna joto na malaria, na mvua si ya kutegemewa.

Tatu, aliyekaa ukingoni alipata pande zote mbili: migomba nyumbani, shamba la mahindi na mawindo nyikani. Jua likiunguza nyika, ndizi zilibaki, na njaa haikuingia upesi.

Lakini vijito vya huko vilishuka kutoka misitu ya juu, ambayo hunasa ukungu na kutunza maji. Basi sisi wa Magamba tumekaa kwenye kichwa cha maji. Tukilima mpaka kwenye chemchemi, jirani zetu wa chini ndio watakaoona kiu kwanza.

Swali la kujadiliana nyumbani: Je, chemchemi iliyo karibu nawe ingali na miti?