Kuchagua Dansi kwa Wanaoanza

Huko New Hampshire na Vermont, Marekani, watu hukutana jioni ukumbini kucheza kontra. Asili yake ni dansi za vijijini za Uingereza, ambazo John Playford alizichapa kitabuni London mwaka 1651. Wachezaji husimama safu mbili ndefu, kila mtu akimkabili mwenzi wake. Jozi mbili hucheza pamoja kwa mapigo 64 ya muziki, kisha kila jozi husogea kwa jozi nyingine na kuanza upya. Mwitaji hutangaza kila hatua kabla haijafika.

Je, mwitaji akipata wageni watupu, awachagulie dansi gani?

Kwanza, ahesabu mambo mapya. Kushikana mikono na kuzunguka, safu kwenda mbele na kurudi, kumzunguka mwenzako mgongo kwa mgongo: hayo yatosha kwa kuanzia. Watu wanne kupishana kwa kusuka kungoje siku nyingine.

Pili, atazame namna ya kusogea, maana hapo ndipo wageni hupotea. Dansi njema ni ile ambayo mtu huona aendako: ampita aliyemkabili, na mara akutana na mwingine uso kwa uso. Tena, jozi ifikayo mwisho wa safu hubaki bila wenzi, husubiri zamu moja, kisha hurudi ikielekea upande mwingine. Jambo hili huwatatiza wengi. Kwa hiyo ni vema kuanza na duara la jozi zinazokabiliana, kwa kuwa duara halina mwisho.

Tatu, dansi iwe yenye kusamehe. Baada ya hatua ngumu ifuate nyepesi, kama safu kwenda mbele na kurudi, ili aliyechelewa apate kuwafikia wenzake.

Nne, maelezo yawe mafupi. Watembezwe hatua zote mara moja au mbili, kisha muziki uanze. Kwa kurudiarudia, miguu itajifunza yenyewe.

Uangalifu huu una sababu. Mgeni aliyeaibika mbele ya watu hatarudi tena, na dansi isiyopata wageni huzeeka pamoja na wachezaji wake. Kama mwalimu apimavyo somo lake kwa mtoto wa dawati la nyuma, mwitaji naye amtazame yule anayesitasita mwishoni mwa safu.

Zoezi: Dansi moja ina hatua nne zinazojulikana na mbili mpya. Utaiweka mwanzo wa jioni, au baadaye? Toa sababu.