Nyoka mkubwa analala wapi?

Mama, kila siku unaenda kutafuta kuni. Basi sikia hii.

Kule Afrika ya Kusini wenye elimu walitia radio ndogo ndani ya mwili wa nyoka piri wa Gabon, wakamfuata. Ni yule nyoka mnene wa kichwa kipana. Yuko pia katika pori yetu ya Congo. Walimkuta analala siku nyingi pahali pamoja, amejificha katika majani makavu, anangojea panya. Wakati wa kutafuta jike, dume anatembea zaidi.

Unaona? Hatufuati sisi, lakini hakimbii. Ni sisi tunamkanyaga.

1. Gusa majani kwa fimbo ndefu mbele ya kutia mkono.
2. Usiku tembea na taa, vaa viatu.
3. Fukuza panya nyumbani.

Mtoto akiumwa, usikate kidonda, usinyonye, usikaze kamba, usiweke jiwe nyeusi. Usipoteze wakati kumtafuta nyoka. Funga mguu pamoja na kijiti, usitikisike. Asitembee: mumbebe mpaka hospitali palepale. Ukichelewa, sumu haichelewi.