Tairi Ziendazo Bila Upepo: Uzibadili au Uziache?

Mkulima, ukinunua motokaa iliyotumika usione gurudumu la akiba, usidhani umeibiwa. Motokaa nyingine hutoka kiwandani na tairi zenye mbavu ngumu. Zikitoboka, mbavu hizo hubeba uzito wa gari, nawe waweza kwenda kama kilomita 80, bila kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kutoka Kahawa Sukari hadi Thika haifiki nusu ya hapo.

Ubaya wake ni huu: ni ghali, hurusha gari katika njia ya mawe, na tairi iliyokwisha kuendeshwa bila upepo mara nyingi haizibiki tena.

Basi amua hivi. Ukienda zaidi kwa lami, tena usiku, ziache. Ukipita kila siku njia ya shamba, weka za kawaida zote nne, za kipimo kile kile na nguvu ile ile ya kubeba mzigo. Usichanganye aina mbili. Lakini kwanza nunua gurudumu la akiba, jeki na spana, na bei yake uitie katika hesabu. Pasipo hivyo, pancha moja usiku itakulaza njiani pamoja na maziwa yako.