Bima ya pamoja: mambo ya kupima kabla ya kutia saini

MWENYE duka la jumla huko Kipalapala, jirani na mji wa Tabora, ana mali iliyokaa sehemu tatu: bidhaa zilizo dukani, mzigo ulio njiani, na fedha za mauzo zinazosubiri kupelekwa benki. Akikatia bima sehemu moja tu, mbili zilizobaki ziko mikononi mwa Mungu.

Hatari hizo si ngeni Tabora. Mwaka 1871 vita kati ya Mirambo na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe vilivuruga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Wengi walikuwa wamekopeshwa bidhaa na matajiri wa Unguja. Mzigo ulipopotea, deni lilibaki palepale. Ndivyo ilivyo hata leo kwa aliyejaza duka kwa mkopo.

Soko la bima

Baada ya utaifishaji wa 1967, Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilihodhi biashara ya bima Tanzania Bara. Sheria ya Bima ya 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na chini ya sheria ya 2009 msimamizi wa soko ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Mnunuzi sasa anaweza kulinganisha bei. Lakini aelewe kwamba hati mbili zenye jina moja zaweza kutoa kinga tofauti kabisa.

Bima ya pamoja huunganisha kinga kadhaa katika hati moja: moto, wizi wa kuvunja, fedha zikiwa dukani au njiani, bidhaa zinazosafirishwa, na dhima kwa mteja anayeumia dukani. Mara nyingi huwa nafuu kuliko kununua kila kinga peke yake. Hata hivyo, unafuu huo hauna maana iwapo nusu ya kinga hizo hazimhusu mnunuzi. Asiye na vioo vya thamani hana sababu ya kulipia vioo. Anayeleta mzigo kwa lori kutoka Dar es Salaam hawezi kuacha kinga ya usafirishaji.

Kosa linalogharimu zaidi

Wengi hutaja thamani ndogo ya mali ili walipe ada ndogo. Hapo ndipo kipengele cha uwiano kinapowaumiza. Tuseme bidhaa zina thamani ya sh. milioni 20, lakini zimekatiwa bima ya sh. milioni 10. Moto ukiteketeza bidhaa za sh. milioni 8, kampuni haitalipa milioni 8. Kwa kuwa mali ilikatiwa nusu ya thamani yake, fidia nayo ni nusu: sh. milioni 4, kabla ya kutoa kiasi ambacho mwenye mali hubeba mwenyewe.

Kwa hiyo thamani itajwe kwa kufuata kipindi ambacho duka limejaa zaidi. Tabora, fedha za tumbaku zikiingia mikononi mwa wakulima, bidhaa dukani huongezeka. Hesabu iliyofanywa duka likiwa nusu tupu haitoshi.

Wizi nao una masharti. Kwa kawaida kinga hii hudai dalili za kuvunja. Bidhaa zinazopungua kidogo kidogo kwa mkono wa msaidizi wa duka huhitaji kinga ya uaminifu wa wafanyakazi.

Wapangaji pia wajihadhari. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na mwaka 2022 bima ya masoko ya umma na majengo ya biashara ilifanywa ya lazima. Lakini bima ya jengo hulinda jengo. Mpangaji mwenye bidhaa ndani yake lazima azikatie bima yake mwenyewe.

Kabla ya kulipa

Mfanyabiashara ahakikishe kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, asome ukurasa wa mambo yasiyolipwa, na aulize ni siku ngapi anapewa kutoa taarifa ya hasara. Kama benki imetajwa katika hati, ajue kwamba fidia huanza kulipa deni.

Mwisho, nakala za stakabadhi na daftari la bidhaa zitunzwe nje ya duka. Daftari likiungua pamoja na mali, ni vigumu kuthibitisha kilichokuwamo.