"I am already": Kiingereza cha kujiandaa na kujiamini



Juzi kijana mmoja wa kidato cha kwanza, mwenyeji wa Kagerankanda wilayani Kasulu, aliitwa mbele ya darasa kusoma insha yake fupi. Mwalimu akamwuliza kwa Kiingereza kama yuko tayari. Akasimama wima, daftari mkononi, akajibu: "Yes sir, I am already." Darasa zima likaangua kicheko. Insha aliisoma, lakini kwa sauti ya chini hata walioketi nyuma hawakusikia kitu, na tangu siku hiyo hanyooshi mkono. Somo la mwezi huu nimeliandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya waliocheka pia, maana wengi wao wangejibu vilevile.

Kosa lile halikutokana na uvivu, lilitokana na Kiswahili. Kijana huyu amesoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na neno letu "tayari" linafanya kazi mbili. "Niko tayari" ni mtu aliyekwisha kujiandaa. "Wameondoka tayari" ni jambo lililokwisha kutokea. Kiingereza kinatenganisha kazi hizo. Ya kwanza ni "ready": I am ready. Ya pili ni "already": They have already left. Ukisema "I am already" na kunyamaza, msikilizaji anabaki anasubiri umalizie. Already tired? Already late? Kipimo chake ni rahisi: kama unaweza kuweka -mesha- kwenye kitenzi, yaani "wameshaondoka", basi tumia "already". Kama unaeleza hali ya mtu aliyejiweka sawa, ni "ready".

Tuje kwenye kujiandaa. Katika madaftari ninayosahihisha hukuta mara nyingi sentensi hii: "I am preparing the examination." Kisarufi haina kosa, na ndiyo maana inapita bila kuonekana. Lakini maana yake ni kwamba wewe ndiye unayetunga mtihani! Mtahiniwa wa kidato cha nne akiisema hadharani mwezi wa Oktoba, wanaweza kumtilia shaka. Aseme: I am preparing for the examination. Kitu unachokitengeneza kwa mikono yako hakihitaji "for". Tukio linalokuja mbele yako linaihitaji. Mkulima wa huku kwetu, mvua zikikaribia, anayafanya yote mawili kwa siku moja: He is preparing his field because he is preparing for the rains. Shamba analitengeneza, mvua anaisubiri.

Wapo jirani zetu wa kambi ya Nyarugusu waliosoma kwa Kifaransa, na wao huanguka shimo hilohilo kwa kupitia njia nyingine. Kwa Kifaransa, "préparer un examen" ni kujisomea kwa ajili ya mtihani, basi wakihamia Kiingereza huja na mazoea hayo. Kwa hiyo usimcheke mtu kabla hujajua ametokea lugha gani.

Sasa "confidence". Hapa Kilatini cha darasani kinatusaidia. Ndani ya neno hili mna "fidere", kutumaini, ambalo ni ndugu wa "fides", imani. "I am confident" ni najiamini, au nina hakika, kutegemea kinachofuata. I am confident that we will pass: nina hakika tutafaulu. Have confidence in your teacher: mwamini mwalimu wako. Angalia usiseme "I have a confidence". Neno hili halihesabiwi, hivyo halitaki "a". Na usiseme "I am confidential", maana "confidential" ni jambo la siri, kama barua ambayo Baba Gombera hufunga mwenyewe.

Wengi wetu tumelelewa kwamba mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa wake na hasemi sana. Malezi hayo siyadharau, ni mazuri. Ila kijana wa namna hiyo akiambiwa "be confident" husikia kana kwamba anaambiwa awe na kiburi. Siyo. Kiburi na majivuno vina maneno yake: "proud" mara nyingi, na "boastful". Aliyejiamini kupita kiasi ni "overconfident". "Confident" peke yake haina doa, na mtu anaweza kuwa "humble and confident" kwa pamoja. Mama Maria alimwuliza malaika swali, na hakuna anayemwita mwenye kiburi.

Nahau nazo zinachanganya. "I got cold feet" maana yake niliingiwa na woga dakika za mwisho nikarudi nyuma. Asubuhi ya mwezi wa Julai huku milimani, kama miguu yako imepoa kwelikweli, sema tu "My feet are cold." "I have butterflies in my stomach" ndiyo matumbo joto yetu. "To burn the midnight oil" ni kukesha ukisoma. Inatokana na mafuta ya taa, na aliyewahi kusomea koroboi haitaji maelezo. (Taa za bweni zikizimwa, nahau hiyo ibaki kuwa nahau.) "To play it by ear" inatoka kwa wapiga kinanda wasiotazama nota: ni kuamua mambo papo hapo kadiri yanavyokwenda. Yuko aliyenijibu kwamba hakujiandaa kwa mdahalo kwa sababu katika Luka 21 Yesu aliwakataza wafuasi wake kutayarisha maneno. Nikamwambia wale walikuwa wanapelekwa mbele ya wafalme kwa ajili ya jina lake, siyo kwenye mdahalo wa Ijumaa.

Lakini kama kijana wangu wa Kagerankanda atabaki na kitu kimoja tu, napenda kiwe hiki: aziandae mapema sentensi za kujinasua. Anayejiamini naye hukosea, ila anajua la kusema baada ya kukosea. Umekosa neno? "Sorry, I mean ready." Umepotea katikati? "Let me start again." Hukulisikia swali? "Could you repeat the question, please?" Unahitaji kufikiri? "Give me a moment, please." Huna hakika? "I am not sure, but I think..." Zisome kwa sauti, siyo kimoyomoyo, ukienda kisimani au ukifagia uwanja, mpaka ulimi uzizoee. Zitakutoka zenyewe siku kicheko kitakapoanza.

Zoezi. Andika kwa Kiingereza, kisha mpe mwenzako asahihishe bila kucheka:

Kwaya iko tayari.
Padre ameshafika tayari.
Mama anaandaa chakula. Sisi tunajiandaa kwa Pasaka.
Nilikuwa na matumbo joto, lakini sikurudi nyuma.
Samahani, naomba nianze tena.